Namba za mauzo ya nje zikigoma kukubaliana: utatuzi wa matatizo kwa watumiaji wa takwimu Nyanda za Juu Kusini

Afisa biashara wa halmashauri, karani wa chama cha ushirika au mwanafunzi anayeandika tasnifu akichukua jedwali la mauzo ya bidhaa nje ya nchi na kuliweka kando ya daftari alilonalo, karibu kila mara atakuta namba hazilingani. Neno la kwanza kumtoka mdomoni huwa "wamepika". Kwa kawaida hakuna aliyepika kitu, ila kila namba imehesabu jambo lake. Makosa ya kweli nayo yapo, na mengi huanzia kwenye tamko la forodha, pale wakala anapojaza fomu usiku huku dereva akimpigia simu kutoka kwenye foleni ya Tunduma, mpakani na Zambia.

Namba inapotokea

Muuzaji anampa wakala wa forodha ankara, orodha ya mzigo na vibali. Kwa mazao, vibali hivyo ni pamoja na cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Wakala anaandaa tamko, yaani Tansad, ndani ya TANCIS, mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato (TRA) ulioanza kutumika 2014. Ofisi ya forodha inalikagua, mzigo unaruhusiwa, kisha kituo cha mpakani au bandarini kinathibitisha kwamba umetoka. Taarifa hizo za TRA ndizo malighafi ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na Benki Kuu. Hakuna mtu wa takwimu anayesimama barabarani kuhesabu malori. Kilichoandikwa kwenye Tansad ndicho kitakachofika kwenye jedwali, kiwe sahihi au kimekosewa.

Kinachohesabiwa kinafuata mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa takwimu za biashara ya bidhaa wa mwaka 2010. Kanuni yake kuu ni kwamba bidhaa huhesabiwa kama mauzo ya nje pale inapopunguza akiba ya mali ya nchi kwa kutoka nje ya eneo lake la kiuchumi. Malipo si sharti. Mahindi ya msaada yanayovuka kwenda Malawi yanahesabiwa, na bidhaa zilizobadilishwa kwa bidhaa nyingine pia. Mzigo unaopita tu hauhesabiwi. Hauhesabiwi pia mtambo uliotoka kwa muda na utakaorudi, kontena tupu, noti na sarafu zinazotumika, wala dhahabu ya akiba ya Benki Kuu.

Kwa hiyo shaba inayoingia Tunduma kutoka Zambia na Kongo ikienda bandari ya Dar es Salaam si mauzo ya Tanzania, hata kama ndiyo inayojaza barabara ya TANZAM kuanzia Mpemba hadi Igawa. Mafuta yanayopanda kutoka Dar kwenda Lubumbashi nayo si mauzo yetu. Anayepima mauzo ya nje kwa kuhesabu semitrela zinazopita Uyole anapima shughuli za barabara, basi.

Kabla hujatafuta hitilafu yoyote, weka mezani Tansad, ankara na karatasi ya mizani, halafu uliza maswali manne. Tarehe ni ipi? Bei ni ya mahali gani? Nchi iliyoandikwa ni ipi? Uzito ni upi? Ugomvi mwingi unaishia hapo.

Dalili: Zambia inaonyesha imenunua zaidi kuliko Tanzania inavyoonyesha imeuza

Hii ndiyo inayoleta kelele kuliko zote, na ina sababu nyingi zinazoweza kukaa pamoja. Zichunguze kwa mpangilio huu, ukianza na zilizo rahisi kuthibitisha.

Anza na bei. Mauzo ya nje huandikwa kwa thamani ya FOB, yaani thamani ya mzigo ukiwa mpakani mwa nchi inayouza. Manunuzi kutoka nje huandikwa kwa CIF, ambayo inaongeza nauli na bima hadi mpakani mwa mnunuzi. Hapo kuna mtego: Tunduma na Nakonde ni mpaka mmoja, na tangu 2019 kuna kituo cha pamoja cha forodha. Kwa kanuni, nauli kati ya mpaka wetu na mpaka wao ni karibu na sifuri, hivyo tofauti ya FOB na CIF kwa mzigo wa barabara ingepaswa kuwa ndogo sana. Kinachotokea ni kwamba ankara inaandikwa kwa bei ya kufikisha mzigo Lusaka, halafu upande mmoja unaichukua kama ilivyo na upande mwingine unaondoa nauli.

Tuchukue mfano wa kubuni wa tani 30 za mchele kutoka Igurusi. Bei kiwandani ni sh. 1,800,000 kwa tani, jumla sh. 54,000,000. Nauli hadi Tunduma ni sh. 1,200,000. Kupakia, vibali na wakala ni sh. 600,000. FOB ni sh. 55,800,000, wala si sh. 54,000,000, maana gharama zote za kufika mpakani zinaingia ndani. Nauli ya Tunduma hadi Lusaka iwe sh. 6,000,000 na bima sh. 300,000. Bei ya kufikisha Lusaka inakuwa sh. 62,100,000. Ukilinganisha hiyo na FOB unapata pengo la asilimia 11.3 bila mtu yeyote kudanganya. Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka mingi lilitumia asilimia 10 kama makadirio ya jumla ya pengo la CIF na FOB, kwa hiyo pengo la ukubwa huo lisikustue. Likizidi asilimia 20, endelea kuchimba.

Kosa linalojirudia upande wetu ni wakala kuandika bei ya kiwandani, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye risiti. Likirudiwa na kila mwenye mbao za Mafinga na kila mwenye mchele wa Mbarali, mauzo yanashuka kwa asilimia kadhaa bila kilo moja kupungua.

Sababu ya pili ni nchi. Anayeuza huandika nchi ya mwisho anayoifahamu wakati mzigo unatoka. Anayenunua huandika nchi ambako bidhaa ilitengenezwa au kuvunwa. Mfanyabiashara akiingiza matairi ya China, akayalipia ushuru Dar es Salaam, kisha akayauza Kitwe, Tanzania inaandika bidhaa ya kigeni iliyosafirishwa tena kwenda Zambia, na Zambia inaandika manunuzi kutoka China. Pande zote mbili ziko sahihi. Ndiyo maana kabla ya kulinganisha unapaswa kutenga mazao ya ndani na bidhaa za kigeni zinazouzwa tena. Jedwali likikupa jumla tu, kulinganisha huko hakuna maana.

Kongo inaleta utata wa aina yake. Saruji ya Mbeya au unga unaokwenda Lubumbashi unavuka Nakonde, unakatiza Zambia, unatokea Kasumbalesa. Tansad inatakiwa isome Kongo. Wakala akiandika Zambia kwa sababu "ndiko unakoingilia", jedwali letu linaipa Zambia mauzo ambayo Zambia yenyewe imeyaona kama mzigo unaopita na haikuyahesabu. Matokeo yake Tanzania inaonyesha imeiuzia Zambia zaidi ya Zambia inavyokiri, na imeiuzia Kongo kidogo kuliko Kongo inavyokiri. Ukiona mapengo mawili yanayoelekea pande tofauti kwa bidhaa ileile, sababu ni hii, usitafute nyingine. Jumlisha nchi hizo mbili pamoja kisha linganisha upya, na pengo litapungua.

Tatu ni muda. Tamko lililowasilishwa tarehe 28 Desemba, gari likavuka tarehe 4 Januari kwa sababu ya foleni, linaweza kuwa la mwaka huu kwetu na la mwaka ujao kwao. Kwa mwaka mzima athari ni ndogo. Kwa mwezi mmoja wa msimu wa mahindi inaweza kugeuza kabisa picha, kwa hiyo usilinganishe mwezi kwa mwezi. Chukua miezi mitatu mitatu au mwaka.

Baada ya hayo yote ndipo ufikirie udanganyifu wa bei na njia za panya. Waandishi wengi wanaanzia hapo kwa sababu habari inanoga. Hizo ndizo sababu ngumu zaidi kuthibitisha, na ukizitaja kabla ya kuondoa FOB na Kongo umemtuhumu mtu bure.

Dalili: mkoa unaonekana haujauza kitu

Parachichi zimejaa Njombe na Rungwe, dhahabu inatoka Chunya, lakini taarifa inaonyesha mauzo ya nje yanatoka Dar es Salaam. Sababu ni kwamba takwimu za forodha ni za taifa. Tansad inaonyesha ofisi ya kutokea na namba ya mlipakodi ya muuzaji. Shamba halimo. Kampuni ikisajiliwa Dar na kontena likapakiwa meli Dar, hakuna sehemu ya tamko inayosema tunda lilichumwa Tukuyu. Dhahabu ya Chunya inauzwa kwenye soko la madini, inakusanywa na mnunuzi, kisha inasafiri kwa ndege. Kwenye forodha Mbeya haionekani kabisa.

Hali ya kinyume nayo ipo. Kituo cha Tunduma kinaonyesha mauzo makubwa, mtu anayachukua yote na kuyaita ya Songwe, wakati vigae, sabuni na mabati yanayotoka hapo yametengenezwa Pwani na Dar es Salaam.

Ukitaka makadirio ya mkoa, acha forodha kwa muda na anza na vyeti vya afya ya mimea kwa mazao mabichi, kumbukumbu za bodi ya zao husika, na masoko ya madini kwa dhahabu. Hivyo ndivyo vinavyojua chimbuko. Kisha uandike wazi kwamba ni makadirio kwa chimbuko, usije ukayaita mauzo ya nje ya mkoa kana kwamba yametoka TRA. Ukipanga miaka mingi, kumbuka Njombe ilitengwa na Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatengwa na Mbeya mwaka 2016. "Mbeya imeporomoka 2016" ni hitimisho ambalo mtu hawezi kulifikia akiwa na ramani mkononi.

Dalili: tani za ushirika hazilingani na tani za forodha

Kwa kahawa, uliza kwanza imepimwa katika hali gani. Chama cha msingi cha Mbozi kinapokea pachimenti, kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa lakini bado ina ganda la ndani. Forodha inaona kahawa safi, iliyokobolewa, msimbo (namba ya bidhaa kwenye forodha) 0901.11. Shirika la Kimataifa la Kahawa linatumia kizio cha 0.80 kugeuza pachimenti kuwa kahawa safi, na 0.50 kwa kahawa iliyokaushwa na maganda yake yote. Tani 1,000 za pachimenti ni kama tani 800 za kahawa safi. Anayetoa hizo tani 200 kama "kahawa iliyotoroshwa" anazungumzia maganda.

Kisha uliza ni msimu au mwaka. Mavuno ya Mbozi na Mbinga yanashika kasi katikati ya mwaka, kukoboa na mnada vinafuata, na shehena nyingine zinatoka baada ya Januari. Mavuno ya msimu mmoja yanagawanyika katika miaka miwili ya kalenda. Bajeti ya serikali inakwenda Julai hadi Juni, na taarifa za Benki Kuu hutumia "mwaka unaoishia mwezi" fulani. Kabla ya kulinganisha, panga kila kitu Julai hadi Juni.

Mpunga na mchele ni kesi ileile, na misimbo yake inatofautiana: mpunga 1006.10, mchele uliokobolewa 1006.30, chenga 1006.40. Mahindi ya mbegu ni 1005.10, mahindi mengine 1005.90. Unga wa mahindi ni 1102.20, lakini pumba za mahindi ziko 2302.10, na ukiona unga unaouzwa kwa bei ya chakula cha ng'ombe, fungua tamko uone kama pumba hazikupewa msimbo wa unga.

Onyo kuhusu gunia. Daftari la sokoni likiandika gunia, halijaandika uzito. Lumbesa inaweza kubeba debe moja au zaidi juu ya gunia la kawaida. Usizidishe magunia kwa kilo 100 na kuita hizo tani. Tafuta karatasi ya mizani.

Dalili: thamani kwa kilo ni ya ajabu

Huu ndio ukaguzi wenye faida kubwa kuliko wote, na unafanyika kwenye karatasi ya kawaida ya hesabu. Gawanya thamani ya FOB kwa uzito halisi wa kila mstari, panga kutoka ndogo hadi kubwa, kisha angalia ncha zote mbili. Kwa mchele wa mfano wa juu utapata sh. 1,860 kwa kilo. Mstari ukionyesha sh. 1,860,000 kwa kilo, aliyejaza ameandika 30 mahali pa kilo akimaanisha tani. Ukionyesha sh. 1.86, ameongeza sifuri tatu kwenye uzito.

Namna ya kujua lipi limekosewa, thamani au uzito, ni kutazama gari. Kikomo cha uzito kwenye barabara zetu ni tani 56 pamoja na gari lenyewe, kwa hiyo mzigo peke yake wa gari moja unaishia kwenye tani thelathini na kitu. Tamko la gari moja lenye tani 300 za maharage haliwezekani, halihitaji mjadala. Mizani za Wenda, Makambako na Mpemba zinatoa karatasi yenye uzito wa gari na mzigo. Ondoa uzito wa gari tupu na una kipimo ambacho hakikuandikwa na muuzaji wala wakala.

Kosa lililo fiche zaidi ni uzito jumla (bidhaa pamoja na vifungashio) kuandikwa mahali pa uzito halisi (bidhaa peke yake). Kwa mahindi ya magunia tofauti haionekani. Kwa parachichi inaonekana sana. Tuseme kontena la baridi la futi 40 lenye katoni 5,280 za kilo 4: tunda ni kilo 21,120. Katoni tupu ikiwa na gramu 350, zote ni kilo 1,848. Paleti 20 za kilo 20 ni kilo 400. Uzito jumla unafika kilo 23,368. Wakala akiandika huo kwenye nafasi zote mbili, tani zimevimba kwa asilimia 10.6 na bei kwa kilo imeshuka kwa karibu asilimia 10, na mkulima wa Njombe ataambiwa soko limeanguka. Dalili yake ni kwamba uzito halisi na uzito jumla vinafanana hadi kilo ya mwisho. Chuja mistari yote yenye sifa hiyo. Kwa bidhaa ya katoni au chupa, mfanano huo ni kosa.

Mbao zina kipimo cha pili, mita za ujazo. Mbao za kupasuliwa zenye unene unaozidi milimita 6 ziko 4407 na kiasi chake kinatakiwa kwa ujazo pamoja na kilo. Gawanya kilo kwa mita za ujazo. Msonobari mkavu unacheza kati ya kilo 400 na 600 kwa mita moja ya ujazo, mbichi unaweza kuzidi hapo. Ukipata 30, au 6,000, mtu ameandika idadi ya vipande.

Dalili: Kenya inaonekana ndiyo inayokunywa chai yetu yote

Chai ya Mufindi, Njombe na Rungwe kwa miaka mingi imepelekwa kuuzwa kwenye mnada wa Mombasa. Wakati gari linatoka, mnunuzi hajajulikana, kwa hiyo nchi ya mwisho inayojulikana ni Kenya. Mnunuzi wa Pakistani au Uingereza anapoipokea anaandika chimbuko Tanzania. Jedwali letu linaonyesha Kenya, lao linaonyesha Tanzania, na Kenya ikiiona chai kama mzigo unaopita huenda haina cha kuonyesha. Hii si hitilafu ya kurekebishwa, ni kanuni inavyofanya kazi. Ukitaka kujua chai inanywewa wapi, soma takwimu za manunuzi za nchi zinazonunua, ukichagua Tanzania kama chimbuko na msimbo 0902.40, chai nyeusi ya vifurushi vinavyozidi kilo 3. Mnada wa Dar es Salaam ulioanza Novemba 2023 unabadilisha picha hii kwa ile sehemu inayopita huko, maana mnunuzi anajulikana kabla shehena haijaondoka nchini. Mauzo kwenda Kenya yakishuka na ya Asia yakapanda bila mavuno kubadilika, usiandike kwamba tumepoteza soko la Kenya.

Parachichi zinazopita Namanga kwenda kwa wafungashaji wa Kenya zina hali inayofanana, ila pale kuna jambo la ziada: zikiingia kwenye katoni yenye jina la Kenya na hati ya chimbuko ya Kenya, hata nchi ya mwisho haitaiona Tanzania. Hakuna hesabu inayoweza kuzirudisha.

Dalili: mkataba ulisema tani nyingi, takwimu zinaonyesha chache

Mwaka 2024, baada ya ukame mkali Zambia, ulitangazwa mkataba wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kuiuzia nchi hiyo tani 650,000 za mahindi. Namba ya mkataba ni ahadi. Forodha inaandika gari moja moja linapotoka. Gawanya: kwa tani 30 kwa gari, hizo ni safari zaidi ya 21,600. Hata mpaka ukipitisha magari 100 ya mahindi kila siku bila kusimama, ni zaidi ya siku 216. Anayetafuta tani zote kwenye jedwali la robo mwaka ilimosainiwa hati anatafuta kisichokuwepo.

Vibali vya kuuza mazao nje vina kasoro hiyohiyo. Kibali cha tani 30 kinaweza kutumika nusu au kisitumike kabisa. Jumla ya vibali ni kikomo cha juu tu.

Risiti za ushuru wa mazao kwenye mageti ya halmashauri ni mbaya zaidi kwa kazi hii. Zinarekodi zao kutoka wilayani, liwe linakwenda Nakonde au Manzese. Tena tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja unaohama halmashauri hautozwi ushuru, kwa hiyo shehena ndogo ndogo hazimo kabisa.

Dalili: mauzo yameanguka ghafla wakati sokoni mahindi yanaendelea kuondoka

Angalia kama kuna katazo, kibali kipya au mvutano mpakani. Mwaka 2025 Malawi na Tanzania zilipozuiliana mazao, biashara rasmi ilikuwa lazima ipungue. Chakula hakiachi kutafuta mlaji. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliokatwa na mstari, Mto Songwe unavukwa kwa mitumbwi Kyela, na Ziwa Nyasa lina pwani ndefu kutoka Matema hadi Mbamba Bay. Baiskeli na bodaboda za magunia mawili mawili hazina Tansad.

Mwongozo wa kimataifa unataka biashara hiyo ikadiriwe na kuongezwa pale inapokuwa kubwa, na njia inayotumika ni kuweka wahesabuji kwenye vivuko kwa siku zilizochaguliwa, kisha kukuza matokeo. Ukikuta jedwali lenye makadirio hayo, soma maelezo ya chini uone yamo tangu mwaka gani. Mwaka yanapoingizwa kwa mara ya kwanza, mauzo yanaruka bila gunia moja kuongezeka.

Kosa la kuepuka ni kuchukua mavuno, kuondoa matumizi ya ndani na kuita salio "magendo". Salio hilo limebeba makosa ya makadirio ya mavuno, yaliyooza, yaliyoliwa na dumuzi na yaliyo ghalani.

Dalili: kwa shilingi mauzo yamepanda, kwa dola yameshuka

Mauzo ya dola milioni 10 kwa sh. 2,300 ni sh. bilioni 23. Mwaka unaofuata dola milioni 9.5 kwa sh. 2,600 ni sh. bilioni 24.7. Dola zimeshuka asilimia 5, shilingi zimepanda asilimia 7.4. Taja sarafu kila unapotaja ukuaji, na ukipenda kujua kama mashamba yameuza zaidi, tumia tani.

Dalili: msimbo umetoweka au umeanza ghafla

HS, mfumo wa kimataifa wa misimbo ya bidhaa, hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Matoleo ya karibuni ni 2012, 2017 na 2022, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia ushuru wake wa pamoja wa toleo la 2022 tarehe 1 Julai 2022, nusu mwaka baada ya dunia. Toleo la 2017 lilivunja 4407.10, mbao zote za miti yenye majani kama sindano, ikazaliwa 4407.11 kwa msonobari peke yake. Anayefuatilia 4407.11 ya Sao Hill kuanzia 2010 atapata sifuri miaka ya mwanzo. Rudi kwenye tarakimu nne, au jumlisha misimbo iliyozaliwa.

Wakati mwingine msimbo unafichwa makusudi. Kama kampuni moja au mbili tu ndizo zinazouza bidhaa fulani, namba ya bidhaa hiyo ni namba ya kampuni, na sheria ya takwimu inalinda siri hiyo. Utaikuta imeunganishwa na kundi pana. Usipoteze muda kuomba mchanganuo.

Dalili: NBS na Benki Kuu hawalingani

Benki Kuu inachukua data za forodha kisha inazirekebisha kwa ajili ya urari wa malipo, yaani hesabu ya malipo kati ya nchi na nchi nyingine, ambako kigezo ni umiliki kubadilika mikono. Kuvuka mpaka peke yake hakutoshi. Dhahabu ndipo pa kuangalia. Tangu Oktoba 2024 wauzaji wa dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya kuuza kwa Benki Kuu. Dhahabu hiyo ikibaki kuwa akiba, haijauzwa nje, hata kama Chunya imezalisha ileile ya mwaka jana. Uzalishaji ukipanda na mauzo yakasimama, anza na sababu hiyo.

Namba za miezi ya karibuni nazo ni za awali. Matamko yaliyochelewa na yaliyorekebishwa yanaingia baadaye, kwa hiyo kila mara pakua upya mfululizo wote, usibandike mwezi mpya chini ya faili la zamani.

Ukithibitisha kwamba kosa ni la kweli

NBS haiwezi kubadilisha Tansad ya mtu. Tamko linarekebishwa na wakala aliyeliwasilisha kupitia forodha, kwa ombi lenye sababu na ushahidi. Andaa namba ya tamko na tarehe, mstari unaolalamikiwa, kilichoandikwa, kinachotakiwa, pamoja na nakala ya ankara, orodha ya mzigo na karatasi ya mizani. Kama si wewe muuzaji, huna mlango huo. Unachoweza ni kuwaandikia NBS ukitaja msimbo wa tarakimu nane, mwezi, nchi na thamani kwa kilo uliyoikuta, ili mstari huo uchunguzwe kwenye usafishaji wa data. Barua inayosema "takwimu za parachichi si sahihi" haimpi mtu pa kuanzia. Inayosema "0804.40.00, mwezi Machi, Uholanzi, uzito halisi umelingana na uzito jumla kwenye mistari kumi na minne" inafanyiwa kazi.